Uzi wa Darubini na Nguzo ya Mlango

Shabani mwanangu,

Salamu zitangulie, ingawa tumeachana mchana huu huu na hatukuachana vizuri. Naandika nikiwa barazani. Jua bado lipo, na karatasi nimeikandamiza kwa jiwe kwa sababu ya upepo ule ule uliokusumbua jana. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku la bunduki, chini ya kitanda changu, mahali ambapo huna budi kupagusa kabla ya kuondoka kesho. Isome kwanza, ndipo ubebe.

Mambo ya kuchemsha maji, kukausha miguu na kutolala karibu na majani marefu sitayaandika. Mama yako ameyasema tangu juzi na ataendelea kuyasema mpaka garimoshi liondoke, na huenda hata baada ya hapo.

Nitaanza na habari yenyewe, kama nilivyozoea. Darubini uliyoifunga kwenye bunduki ya Bwana Kofia, huyo Mzungu unayekwenda kumbebea silaha porini, imekaa upande. Kosa si la mkono wako. Ni la mlango wangu.

Mchana nilikuambia kwamba darubini haijanyooka, nawe ukaniuliza nimejuaje, nami sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi si habari. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Sasa jibu ninalo, nimelipima, na nitakueleza kwa mpangilio ili usidhani ni woga wa mzazi. Woga upo pia. Huo nitauweka mahali pake.

Jana alasiri nilikaa hapa hapa nikikutazama. Sikusema neno kwa sababu nilikuwa naandika habari za soko kwa ajili ya gazeti, na pia kwa sababu nilipenda kukutazama. Uliibana bunduki kwenye jiliwa lako, pale kwenye meza chini ya upenu wa jiko, ukatia vitambaa pande zote mbili ili chuma kisiukwaruze mti. Ukaweka pima maji juu ya mgongo wa bunduki, ukasubiri lile povu la hewa litulie katikati, ukaigusa bunduki kidogo, ukasubiri tena. Hapo hukukosea. Bunduki ilikaa sawa kama maji ya bwawa.

Kisha ukaingiza darubini kwenye pete zake mbili, skurubu zikiwa zimelegea, ukaniita nije nione. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutazama ndani ya kitu kile. Niliona uzi mmoja mwembamba umesimama na mwingine umelala, zimepishana katikati ya duara, na nyuma yake ua wetu wote umesogea mpaka puani kwangu, hata kuku aliyekuwa mbali niliona jicho lake. Ulinieleza kwamba uzi uliosimama lazima usimame kweli kweli, ufuatane na uzito wa dunia, si na macho ya mtu. Ukanieleza kwamba hiyo ndiyo kazi ya timazi, ile kamba yenye jiwe: uitundike mbele, uitazame kupitia darubini, uizungushe darubini ndani ya pete polepole mpaka uzi wa ndani ulale juu ya kamba ya timazi, ndipo ukaze skurubu, huku kidogo na huku kidogo, ukitazama tena kila mara kwa sababu kukaza kwenyewe huizungusha darubini. Ulisema vizuri. Nilifikiri moyoni kwamba ningekuwa na mashahidi wanaoeleza jambo hivyo, kazi yangu ingekuwa nyepesi.

Uliitundika timazi kwenye tawi la mfenesi. Upepo ukaanza kushuka mlimani, kama kila alasiri. Kamba ikawa inacheza. Ulingoja. Ukaishika ikatulia, ukarudi mezani, ikacheza tena. Mama yako akapita na ungo akasema, "Fundi mzima anachezewa na kamba," nawe ukacheka, lakini shingo ilikuwa imekwisha kukukaza.

Ndipo ukasema, "Basi nitatumia mlango."

Nilikusikia. Nimelirudia neno hilo tangu mchana, na kila mara najiona nimeinamia karatasi yangu, naandika bei ya mchele unaoletwa kutoka upande wa Dakawa.

Ulielekeza darubini kwenye mlango wa nyumba yetu, kwenye nguzo ya upande wa bawaba, ukaizungusha mpaka uzi ukalala juu ya nguzo. Ukakaza. Kisha, kwa kuwa wewe si mzembe, ukahakikisha. Ukaligeuza jiliwa ukatazama ubavu wa dirisha. Uzi ukalala juu yake. Ukahamisha meza ukatazama mlango wa jiko. Uzi ukalala tena. Ulifurahi. Ulisema, "Vitu vitatu, Baba, vyote vinasema neno moja."

Leo mchana, baada ya wewe kurudi na bunduki kutoka kwenye shabaha, mama yako alitoka ndani amebeba beseni la maji kwa mikono miwili. Hakuusukuma mlango kwa mguu wala kwa kiuno. Alitoka tu, na mlango ukajifunga nyuma yake. Umeuona mlango huo ukifanya hivyo tangu ulipokuwa unatambaa. Mimi pia. Leo nilisikia kile kishindo cha kitasa, nikaitazama nguzo.

Sikia sasa kwa nini unajifunga.

Kule Kinole nilikokulia, ukungu huingia ndani ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi, na mbuzi ni hivyo hivyo. Mtu anarudi shambani amebeba ndizi kichwani na kuni mgongoni, hana mkono wa kufungia mlango. Kwa hiyo nguzo ya mlango haisimamishwi wima. Huinamishwa kidogo, kichwa chake kikielekea upande mlango unakofungia, na uzito wa mlango wenyewe ndio unaourudisha. Hakuna anayelieleza jambo hilo kule, kwa kuwa kila nyumba iko hivyo. Nilipojenga hapa mjini, mwaka ulipozaliwa, nilinunua bawaba nzuri katika duka la Mhindi, nikachimba mashimo, na nikaiinamisha nguzo kama mikono yangu ilivyojua. Sikuwaza. Hapa hapana ukungu wala mbuzi wangu.

Kisha nikakata ubao wa kipimo kwa kufuata mlango huo. Kwa ubao huo nikakata dirisha. Kwa ubao huo huo nikakata mlango wa jiko.

Ulipotoka kwa hasira kwenda kambini kwa wapagazi, nilichukua timazi yako. Niliishusha mlangoni kwa ndani, ambako upepo haufiki. Kichwani kamba iligusa nguzo. Chini ilikuwa mbali na nguzo kwa upana wa vidole vitatu. Nikaenda dirishani, nikaenda jikoni. Vyote vimeinama, upande ule ule, kama watu wa ukoo mmoja. Vitu vyako vitatu vinasema neno moja kwa sababu vyote vimefundishwa na mlango.

Hilo mimi ndiye ninayepaswa kulijua kuliko mtu yeyote Morogoro, nami nitakuambia kwa nini, ingawa mama yako angependa nisiandike habari za kifo usiku wa kuamkia safari.

Unamkumbuka yule mbeba bunduki aliyeuawa na nyati kwenye mbuga za Mkata. Ulikuwa bado unasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Mimi ndiye niliyeiandika habari ile. Niliuliza watu watatu waliorudi na ule msafara, kila mmoja peke yake, kama inavyotakiwa. Wote walisema marehemu alitangulia kwa majivuno, alitaka aonekane shujaa, akaifuata damu kwenye majani bila kumngoja bwana wake. Nikaandika hivyo. Gazeti likaja, likasomwa sokoni kwa sauti.

Mama yake alinijia hapa barazani. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwandishi, mwanangu alikuwa anaogopa hata jogoo. Nani amekwambia alitangulia?"

Nikarudi kuuliza upya, na safari hii niliuliza swali ambalo nililiruka mwanzo: wewe uliona, au ulisikia? Wote watatu walisikia. Walisikia kwa mpishi, na mpishi alikuwa kambini akinyonyoa ndege. Aliyeona kwa macho alikuwa mpagazi mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza. Yeye alinieleza kwamba bwana alipiga mbali sana, nyati akapigwa tumboni, akaingia kwenye majani. Mbeba bunduki aliambiwa atangulie. Akasema, "Bwana, tungoje kidogo." Akaambiwa tena. Akaenda.

Masahihisho yalitoka, mistari miwili, chini ya tangazo la sabuni. Mama yule hajui kusoma, nilikwenda nikamsomea. Tangu siku ile sihesabu mashahidi kabla ya kujua kila mmoja amelitoa wapi neno lake. Lakini jana nilikutazama ukiwahesabu wako, na nilikuwa nimewazaa mimi wote watatu, na sikuuliza.

Sasa nije kwenye bunduki yenyewe, kwa kuwa najua utasema, kama ulivyosema mchana, "Baba, tumeipiga leo asubuhi mbele ya Bwana mwenyewe, kila risasi ndani ya kibuyu." Kisha ukaongeza, "Wewe umeandika risasi ngapi, na umepiga ngapi?" Mama yako alicheka kidogo. Na mimi ningecheka, siku nyingine.

Ni kweli sijapiga hata moja. Kwa hiyo nilikwenda kwa aliyepiga. Nilimkuta Mzee Shaushi, yule askari wa zamani, nyuma ya nyumba yake anashona kiatu, miguu ndani ya beseni. Unavyomjua, kila mtu kwake ni kuruta, hata mimi.

Nikamwambia, "Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniandika? Sema nilikuwa mrefu."

Nikamweleza. Nilichora mavumbini ile duara na nyuzi zake mbili, nikazichora zimeinama kidogo. Aliacha kushona.

"Bwana Kofia kapiga umbali gani leo?"

"Kutoka lango la uwanja mpaka kwenye ule mti uliotundikwa kibuyu."

"Hapo hata mama mkwe wangu anapiga," akasema. "Hapo darubini hata ukiifunga imelala ubavu, ukiirekebisha kwa pale itapiga pale. Karibu haisemi kitu. Peleka mbali, ndipo inakwambia ilikuwa inawaza nini."

Nikamwomba anieleze kama anavyomweleza mtu mjinga. Akasema nilikuwa nimekuja mahali panapofaa. Akachukua shazia lake, ile sindano nene ya viatu, akalishika kama bunduki. "Mpigaji hataipima bunduki, atapima nyuzi. Ataona uzi umeinama, macho yatamwasha, ataigeuza bunduki kidogo mpaka uzi usimame. Sasa uzi umesimama na bunduki imeinama. Risasi ikienda mbali inashuka, na mtu anainua shabaha ili aifidie. Lakini bunduki iliyoinama haiinui juu, inainua na kupeleka pembeni. Analenga bega, anapata tumbo." Akarudi kwenye kiatu chake. "Nyati wa tumboni anakufa kesho. Leo ana kazi nyingine."

Nikamshukuru, nikaondoka.

Akaniita nilipofika kwenye kona. "Mwandishi. Huyo kijana wako ndiye atakayetangulia kwenye majani?"

"Ndiye."

"Basi mwambie afungue hizo skurubu," akasema, na hakutania tena.

Hiyo ndiyo habari, Shabani. Bwana Kofia ameajiriwa kutafuta nyama ya vibarua wa reli, na mbuga za Mkata ni wazi. Atapiga mbali, kila siku, kwa miezi. Ndiyo sababu amenunua darubini. Na kila akipiga, atakayeambiwa atangulie ni wewe.

Najua pia kinachokuzuia, na sitajifanya sikijui. Ukifungua skurubu alfajiri, darubini itasogea, na shabaha ya leo haitakuwa shabaha tena. Itabidi bunduki ipigwe upya, na risasi ziko kwa Bwana Kofia. Kwa hiyo huwezi kuitengeneza kimya kimya. Itabidi umwambie. Itabidi useme mbele ya wapagazi, kabla ya garimoshi, kwamba kazi uliyomwonyesha kwa fahari ilikuwa na kosa. Nchi tunayoishi unaijua. Mtu anaweza kulazwa chini kwa sababu ndogo kuliko hiyo, akapigwa viboko vile ishirini na tano, na kazi ikapewa mwingine. Nimekaa na hofu hizi mbili mikononi tangu alasiri, moja huku na moja huku, na nimejaribu kuzipima. Moja ina mwisho. Mtu aliyepigwa hulala kifudifudi kwa siku kadhaa, mama yake akampaka mafuta, akainuka. Sijapata hofu ya kulinganisha na ile ya pili, ya nyati kwenye majani.

Nilifikiri kuifungua mwenyewe. Nakiri nililitoa sanduku, nikaishika bisibisi yako, nikaitazama ile skurubu ya mbele kwa muda mrefu. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unajua unachokifanya?" akauliza.

"Hapana."

"Basi rudisha."

Nikarudisha. Ningeifungua, ungeondoka na bunduki iliyoharibiwa mara mbili, ya pili bila kujua.

Akaniambia niende kambini nikuite. Nikamwambia siwezi kumwita kijana wa watu mbele ya wapagazi kama mtoto aliyesahau kibuyu cha maji. Akasema, "Kijana wa watu huyo umemzaa wewe." Nikamwambia utarudi usiku umechoka, na tukianza kubishana usiku ule ukuta wa jirani ni mwembamba, na ndani ya nyumba mna bunduki ya Mzungu. Cheti cha boma cha kuiweka hapa kinakwisha kesho. Tangu ilipoingia sijalala usingizi mzima. Kila kiatu kinachopita njiani nadhani ni cha askari. Mama yako akafikiri, kisha akasema, "Haya, andika. Ukisema unamchokoza. Ukiandika huwa una adabu." Kwa hiyo naandika.

Kuna jambo jingine nitalisema mara moja. Wewe kwa desturi yetu ni wa ukoo wa mama yako, na ruhusa ya kwenda umepewa na mjomba wako, si na mimi. Alishuka kutoka Kinole, akala, akasema, "Mpwa wangu aende aone dunia," na mimi nikamimina maji ya kunawa. Sikuulizwa, na sikupaswa kuulizwa. Kwa hiyo mwezi huu wote, kila nilipotaka kusema usiende, nilijikuta nikisema kitu kingine: kwamba viatu vyako ni vibovu, kwamba mkanda wako umelegea. Leo mchana nilipokwambia darubini haijanyooka, ulisikia baba yule yule wa viatu na mkanda. Naelewa kwa nini hukusikiliza. Nimelipiga tarumbeta bovu mno mwezi mzima, na siku ya moto wa kweli limetoka kwa sauti ile ile.

Basi sikuambii usiende. Nenda. Unaipenda kazi hii, na mikono yako inaijua. Nakuambia tu fungua skurubu.

Upepo sasa umeanza kupungua. Alfajiri hulala kabisa, wewe unajua, lakini sikutaka kuutegemea. Nilikumbuka mafundi wa lile daraja la reli, nilipokwenda kuandika habari zao. Pale mtoni upepo haukomi, nao walikuwa wakiizamisha timazi ndani ya ndoo ya maji. Kamba inaweza kutaka kucheza, lakini maji yanaishika miguu. Niliona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Kwa hiyo nimefanya hivi: kamba nimeitundika kwenye tawi la mfenesi, jiwe la timazi limo ndani ya ndoo na haligusi kingo wala chini. Nimekaa nikaitazama kwa muda ambao mama yako ameuona ni mwingi mno. Imetulia. Meza ipo palepale, jiliwa lipo, vitambaa vyako nimevifua na vimekauka. Taa nimeitia mafuta, ili uiweke nyuma ya kamba kama kutakuwa bado na giza. Sijagusa kitu kingine.

Ukimaliza, utakwenda kituoni. Nilijifunza katika kazi yangu kwamba mtu mwenye hasira hukasirika zaidi akizungushwa. Ukianza na "Bwana, samahani, kuna jambo dogo," atakuwa amekunja uso kabla hujafika kwenye jambo. Sema habari kwanza: darubini ilikaa upande, kwa karibu haionekani, kwa mbali ingepeleka risasi pembeni, sasa imenyooka na inahitaji kupigwa upya kabla ya safari. Kisha nyamaza. Yeye ni mpigaji, ataelewa kabla ya kukasirika, na akielewa kwanza huenda asikasirike sana. Huenda. Sijui, na sitaandika kama najua.

Akiuliza kosa ni la nani, nitakuwepo. Nimekwisha kunyoosha kanzu yangu. Nitasimama upande wako nimwambie kwamba mlango ni wangu, niliujenga mimi, umeinama kwa vidole vitatu, na kama anataka kuupima nyumba ni hapo tu karibu. Boma wananijua kwa uandishi wangu, hilo laweza kutusaidia au laweza kuongeza adhabu. Kama kuna wa kulala chini, nitamwambia nani alijenga. Usiniambie nibaki nyumbani. Hilo si ombi la kujadiliwa.

Nikikuona umeamka na umelichukua sanduku bila kufungua, sitakuzuia mlangoni. Wewe ni mtu mzima na bunduki si yangu. Lakini ujue nitakuwa pale nje nimekaa karibu na ndoo, na utalazimika kunipita.

Mama yako ameniuliza sasa hivi kama nimemaliza, maana anataka kuninyang'anya meza hii ya barazani aweke chakula. Amekuwekea ndizi za kuchoma, zile utakazokula ukisema huna njaa. Ameniuliza pia kama kesho nitaufumua mlango. Nimesema la, wewe ukishaondoka ndipo nitafikiri. Akasema niuache, amezoea kupita na mikono imejaa.

Kwa hiyo utakapotoka, Shabani, utakuwa na sanduku mkono mmoja na mzigo mkono wa pili, na mlango utataka kujifunga nyuma yako kama nilivyoujenga. Nitaushika mimi. Utapita nao ukiwa wazi, tuelekee mezani kwenye kamba kwanza, kisha kituoni, wote wawili.

Baba yako